Upasuaji wa kupunguza uzito: kisu kinapita tumboni, mabadiliko yanafika hadi ubongoni

Kila tunapozungumzia kisukari hewani, kuna swali moja halikosi kurudi kwenye simu za wasikilizaji: eti ni kweli kuna upasuaji wa kuondoa unene, na kwamba aliyefanyiwa sukari yake hushuka hata kabla hajapungua kilo za maana?

Swali hilo si la watu wa mjini peke yao tena. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia tawi lake la Mloganzila imekuwa ikiwawekea puto tumboni watu wenye uzito mkubwa, na baadaye ikaanza kufanya upasuaji wenyewe. Nairobi zipo hospitali binafsi zinazoufanya. Picha za mtu "kabla" na "baada" zinazunguka kwenye WhatsApp mpaka kwenye vijiji ambako basi linapita mara moja kwa siku. Picha hizo huonyesha tumbo na nguo zilizolegea. Haziwezi kuonyesha kinachoendelea ndani ya damu na ndani ya kichwa cha mtu huyo, na huko ndiko mambo makubwa yanakotokea, ya faida na ya hasara.

Tuanze kwa kuweka wazi tunamzungumzia nani. Hatumzungumzii mtu mwenye kitambi kidogo anayetaka suruali imkae vizuri kwenye harusi. Madaktari hutumia hesabu ya uzito kwa kilo, kugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 103 anapata kama 40. Ukifika 25 uzito umezidi, ukifika 30 ndiyo kiribatumbo, na ukifika 40 ni unene uliokithiri. Kwa miaka mingi mwongozo uliotumika sehemu nyingi duniani umekuwa huu: upasuaji hufikiriwa kwa mwenye 40 na kuendelea, au mwenye 35 ikiwa tayari ana maradhi kama kisukari au shinikizo la damu. Siku hizi baadhi ya miongozo imeshuka chini ya hapo kwa wagonjwa wa kisukari.

Je, watu hao wapo kwetu? Wapo, tena wanaongezeka. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 uliwakuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wakiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Kenya mwaka 2014 walikuwa 33 katika kila 100. Mijini hali ni nzito kuliko vijijini, lakini pikipiki imefika kijijini, soda imefika, mafuta ya kupikia ya kupima kwa kikombe yamefika, na jembe limeanza kuachwa kwa trekta la kukodi. Ni kweli kwamba katika hao wengi, wenye unene uliokithiri ni wachache. Wachache hao, hata hivyo, ndio wanaolala wameketi kwa sababu wakijilaza pumzi inakata, ndio magoti yao yamekwisha wakiwa na miaka 40, na ndio wanaosikia kila siku kutoka kwa jirani, kanisani, msikitini na hata kwa mhudumu wa zahanati: "Punguza kula, mama."

Mlinzi wa ghala

Hapo ndipo sayansi ya miaka 30 iliyopita imekuja kuwatetea. Sehemu ndogo iliyo chini kabisa ya ubongo, iitwayo haipothalamasi, inafanya kazi kama mlinzi wa ghala la nafaka. Anahesabu magunia yaliyomo. Yakipungua, anapiga kelele. Mwaka 1994 watafiti wa New York wakiongozwa na Jeffrey Friedman waligundua homoni inayoitwa leptini, ambayo hutengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe na kupelekwa na damu hadi ubongoni kutoa taarifa: ghala lina kiasi gani. Miaka mitano baadaye watafiti wa Japani wakagundua homoni nyingine, grelini, inayotoka zaidi kwenye tumbo la chakula na kubeba ujumbe wa njaa.

Ungedhani mtu mnene mwenye leptini nyingi ubongo wake utasema "tumejaa, acha kula." Haiwi hivyo. Leptini ikiwa nyingi mno kwa muda mrefu, ubongo unaacha kuisikia, kama mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga nafaka asivyosikia tena kelele zake. Matokeo yake ni kwamba mlinzi anauona uzito wa kilo 120 kuwa ndio kiwango halali cha ghala. Mwenye mwili akijinyima na kufika kilo 105, mlinzi anaona njaa imeingia nchini.

Na anachukua hatua. Nchini Australia watafiti waliwafuatilia watu 50 waliokonda kwa mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mzima baadaye, homoni zao za njaa zilikuwa bado juu na za shibe bado chini kuliko walivyoanza. Marekani kuna kipindi cha televisheni ambacho watu wanene sana hushindana kukonda. Watafiti waliwapima washiriki 14 miaka sita baada ya mashindano. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na mwili wa mshiriki wa kawaida ulikuwa ukichoma kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa ukubwa wake. Kalori 500 ni sahani nzuri tu ya ugali na mboga. Maana yake mtu huyo anatakiwa aache mlo huo kila siku, maisha yake yote, ili asinenepe tu, huku njaa yake ikiwa kubwa kuliko ya mwenzake wa pembeni.

Kwa hiyo yule mama anayeambiwa "punguza kula" pengine amepunguza mara kumi. Mwili wake ndio uliomrudisha. Hii haina maana kwamba chakula na mwendo havina kazi. Vina kazi kubwa sana kwa kuzuia unene usifike huko, na kwa afya ya moyo hata kilo zisiposhuka. Lakini kwa aliyekwisha kufika kwenye 40 na zaidi, anayeshinda kwa nia peke yake na kubaki ameshinda ni mmoja mmoja.

Kinachokatwa na kisichoonekana

Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanywa zaidi duniani, na zote siku hizi hufanywa kwa matundu madogo bila kupasua tumbo lote. Ya kwanza ni kukata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi, likabaki jembamba kama mkono wa shati. Ya pili, ambayo ilianzia Iowa, Marekani, mwaka 1966 kwa mikono ya daktari Edward Mason, ni ya kuchepusha njia. Kunatengwa kijifuko kidogo juu ya tumbo, cha kiasi cha vijiko viwili vya mezani, kisha kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba kwa mbele, hivyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Mason na waliomfuata walidhani wanafanya kazi ya bomba: ukifanya njia nyembamba, kidogo kitaingia, kidogo kitafyonzwa, mtu atakonda. Kilichowashangaza kilitokea kwenye damu. Mwaka 1995 daktari Walter Pories wa North Carolina alichapisha ripoti ya wagonjwa wake 608 waliochepushwa njia ya chakula. Katika wale waliokuwa na kisukari cha ukubwani, zaidi ya wanane katika kila kumi sukari yao ilirudi kawaida, na wengi ilishuka katika siku za kwanza, kabla uzito haujashuka kwa maana yoyote. Kichwa cha ripoti yenyewe kilikuwa swali la mshangao, jambo ambalo si kawaida kwa madaktari wa upasuaji.

Kumbe utumbo si bomba. Ni kiungo kinachozungumza. Chakula kinapofika sehemu ya mbele ya utumbo mwembamba haraka kuliko kawaida, chembe za huko zinamwaga homoni, mojawapo ikijulikana kwa herufi GLP-1. Homoni hii inaiambia kongosho itoe insulini wakati sukari iko juu, na inauambia ubongo kwamba tumekula tumeshiba. Baada ya kuchepusha njia, GLP-1 inayotoka baada ya mlo huongezeka mara kadhaa. Wakati huohuo grelini, homoni ya njaa, mara nyingi hushuka. Kwa wale waliokatwa tumbo sababu ni rahisi kuielewa: sehemu iliyotupwa ndiyo hasa iliyokuwa ikiitengeneza.

Je, tunajuaje kwamba ni homoni na si udogo wa tumbo tu? Watafiti waliwadunga waliochepushwa njia dawa inayozuia homoni za utumbo zisitoke. Siku hiyo walikula zaidi, ingawa tumbo lao lilikuwa dogo vilevile. Waliofungwa mkanda wa kubana tumbo, aina nyingine ya upasuaji ambayo sasa imepitwa na wakati, dawa hiyo haikuwabadilisha kitu. Ushahidi mwingine, ambao mimi naupenda zaidi, unatoka kwa panya. Panya waliokatwa tumbo walikonda, wakatulia kwenye uzito mpya. Kisha wakanyimwa chakula wakakonda zaidi. Waliporudishiwa chakula, walikula kwa pupa hadi wakarudi kwenye ule uzito mpya, na hapo wakaacha. Wangeweza kula zaidi, ila hawakutaka. Mlinzi wa ghala alikuwa amepewa hesabu mpya.

Hata hivyo tusilipambe jambo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliwalinganisha wagonjwa 22 wa kisukari wenye unene. Nusu walikonda kwa mlo peke yake, nusu kwa kuchepushwa njia, na wote walisubiriwa hadi wapungue kiasi kilekile, karibu asilimia 18 ya uzito. Walipopimwa, faida kwenye sukari na insulini ilikuwa karibu sawa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya muujiza inaweza kuwa ni kukonda kwenyewe. Ubishi huo haujafungwa. Ila kwa mgonjwa wa kawaida unarudi palepale: kukonda asilimia 18 kwa mlo na kubaki hapo ndilo lililowashinda wengi, na upasuaji unasaidia kwa sababu unanyamazisha njaa wakati mwili unakonda. Mtu anayekonda kwa kujinyima, njaa yake inapanda. Anayekonda baada ya upasuaji, mara nyingi njaa inashuka. Hiyo ndiyo tofauti inayowaliza wagonjwa wengi kwa furaha katika miezi ya kwanza: kwa mara ya kwanza hawafikirii chakula kutwa nzima.

Hamu inapohama

London, katika Chuo cha Imperial, watafiti waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo unaofanya kazi, wakawaonyesha picha za vyakula. Kwa waliochepushwa njia, zile sehemu za ubongo zinazohusika na hamu na raha ziliwaka kwa kiwango cha chini walipoona vyakula vya mafuta na sukari, kuliko kwa waliofungwa mkanda. Wengi husimulia pia kwamba ladha imebadilika: kilichokuwa kitamu sana sasa kinachosha.

Sehemu ya mabadiliko hayo ni ya adhabu. Aliyechepushwa njia akinywa chai ya sukari nyingi au soda kwa haraka, sukari inamwagika kwenye utumbo kwa ghafla. Moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linakata, anaharisha. Ubongo unajifunza upesi.

Uholanzi wamekwenda mbali zaidi. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 100 kwa miaka miwili baada ya upasuaji, wakiwapima kumbukumbu, umakini na hali ya moyo, pamoja na picha za ubongo. Karibu wanne katika kila kumi walionyesha maendeleo ya asilimia 20 au zaidi kwenye vipimo vya akili, viashiria vya uvimbe wa ndani kwenye damu vilishuka, na dalili za sonona zilipungua. Hii inaendana na kinachojulikana: unene uliokithiri huweka mwili katika hali ya uvimbe wa chinichini usioisha, hukosesha usingizi wa kweli, na hudhuru mishipa midogo ya damu, ikiwemo ya ubongo. Ukiondoa mzigo huo, ubongo unapumua. Tuseme pia kwamba mtu anayepimwa mara ya pili na ya tatu huuzoea mtihani, kwa hiyo namba hizo zisichukuliwe kama ahadi.

Sasa upande wa pili, ambao picha za WhatsApp haziutaji.

Pombe. Kwa aliyechepushwa njia, pombe huingia kwenye damu haraka zaidi na kufika juu zaidi, hivyo glasi moja inafanya kazi ya mbili au zaidi. Ufuatiliaji mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba karibu mmoja katika kila watano kati ya waliochepushwa njia alipata dalili za matatizo ya pombe ndani ya miaka mitano, wakiwemo watu ambao awali hawakuwa na tatizo hilo. Inawezekana raha iliyokuwa ikitafutwa kwenye chakula inatafuta mlango mwingine. Mahali penye gongo, chang'aa au ulanzi, ambavyo hakuna anayejua nguvu yake kwa kipimo, hili si jambo la kupuuza. Tafiti pia zimeonyesha kwamba kujidhuru na kujiua hutokea zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji kuliko kwa watu wengine. Mtu aliyetegemea kwamba akikonda ndoa itapona na dharau itakwisha, kisha yasiwe, anaweza kuanguka vibaya.

Na kuna vitamini. Ubongo na neva haviwezi kuishi bila vitamini B1 na B12. Aliyefanyiwa upasuaji akianza kutapika mfululizo, akiba ya B1 inaweza kwisha ndani ya wiki chache. Dalili zake ni kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza au kuona viwili viwili, na kuyumba akitembea. Ndugu wanaweza kudhani amelogwa au ana malaria ya kichwa. Akifikishwa zahanati na kuwekewa dripu ya glukosi bila kupewa kwanza B1, hali ya ubongo inaweza kuwa mbaya zaidi. Upungufu wa B12 unakuja polepole, pengine baada ya miaka, kwa sababu ini huwa na akiba: ganzi miguuni, kusahau, uchovu, damu kupungua. Zote mbili zinazuilika kwa vidonge au sindano za bei isiyo kubwa, ila ni kwa maisha yote. Pamoja nazo madini ya chuma, kalisi na vitamini D.

Miaka ishirini baadaye

Nani ameishi na upasuaji huu muda mrefu tukajua mwisho wake? Sweden. Kuanzia mwaka 1987 walianza kuwafuatilia watu wanene zaidi ya 4,000, karibu nusu wakiwa wamefanyiwa upasuaji na nusu wakitibiwa kwa njia za kawaida. Mwaka 2007 walitangaza kwamba waliofanyiwa upasuaji walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 29. Mwaka 2020 wakatoa hesabu nyingine: waliofanyiwa upasuaji waliishi wastani wa miaka mitatu zaidi ya wanene wenzao wasiofanyiwa. Lakini bado waliishi miaka mitano na nusu pungufu ya watu wa kawaida. Upasuaji ulirudisha sehemu tu ya kile ambacho unene ulikuwa umeshachukua.

Kwa kisukari, hospitali ya Cleveland, Marekani, iliwagawa wagonjwa 150 kwa kura: wengine dawa peke yake, wengine dawa pamoja na upasuaji. Baada ya miaka mitano, waliokuwa na sukari karibu na ya kawaida walikuwa 5 katika kila 100 kwa dawa peke yake, 23 kwa waliokatwa tumbo na 29 kwa waliochepushwa njia. Namba hizo zisomwe mara mbili. Ni mara tano ya dawa peke yake, kweli. Lakini pia zaidi ya saba katika kila kumi waliofanyiwa upasuaji hawakuwa wamefika huko, ingawa wengi walitumia dawa chache kuliko zamani. Ndiyo maana madaktari makini hawasemi kisukari "kimepona." Wanasema kimetulia. Kinatulia vizuri zaidi kwa ambaye amekuwa nacho miaka michache, kongosho ikiwa bado na nguvu. Aliyekaa nacho miaka 15 akiwa kwenye insulini asiuze shamba kwa matumaini hayo.

Kufa mezani? Katika hospitali za Marekani zenye uzoefu, kati ya wagonjwa karibu 4,800 waliofuatiliwa, vifo ndani ya siku 30 vilikuwa watatu katika kila 1,000. Hiyo ni hatari ndogo, lakini ni ya hospitali zinazofanya kazi hiyo kila siku. Swali la kumuuliza daktari yeyote wa kwetu ni rahisi na halina utovu wa adabu: wewe na timu yako mmefanya wangapi, na wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji?

Ukirudi kijijini

Tatizo la msikilizaji wetu, kwa maoni yangu, si ile siku ya upasuaji. Ni miaka inayofuata, akiwa kilomita 300 kutoka kwa daktari aliyemkata.

Fikiria mambo ya kawaida kabisa. Mgongo unauma, anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki au ibuprofeni. Kwa aliyechepushwa njia dawa hizo zinaweza kumtoboa kidonda pale utumbo ulipounganishwa, na muuza duka hajui. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinaweza visifyonzwe vizuri. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika mimba kwa miaka kwa sababu ya unene anaweza kushika ghafla akikonda, wakati ushauri ni asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, ili mtoto asikue ndani ya mwili unaopoteza akiba yake. Au maumivu makali ya tumbo miaka minne baada ya upasuaji: inawezekana utumbo umepenya na kujinyonga ndani kwa ndani, na hilo linataka upasuaji wa haraka. Daktari wa zamu wa hospitali ya wilaya huenda hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Barua inayoeleza alifanyiwa nini na lini, ikiwa na namba ya simu ya hospitali iliyomfanyia, ikae kwenye pochi pamoja na kitambulisho, na picha yake kwenye simu.

Kuna na macho ya watu. Katika nchi zetu kukonda kwa haraka bado kunabeba kivuli cha miaka ya ukimwi. Uganda ugonjwa wenyewe uliwahi kuitwa Slim. Mtu aliyepungua kilo 40 atanong'onezwa kisimani. Wengine hurudi kula kwa nguvu ili wanyamazishe maneno. Aliye na mume, mke au wifi anayejua ukweli na kuusema mbele za watu ana nafuu kubwa.

Wapo watakaouliza: kwa nini tukatwe wakati kuna sindano? Ni swali la haki. Dawa hizo, kama semaglutidi, zilitengenezwa kwa kuiga GLP-1, ileile homoni ya utumbo. Kwenye majaribio ziliwapunguza watu karibu asilimia 15 ya uzito, wakati upasuaji hupunguza kama robo au zaidi. Waliosimamisha sindano walirudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu mlinzi wa ghala alirudi kazini. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari wenye kiribatumbo pamoja na maradhi ya moyo au figo. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye kabati la zahanati. Pengo hilo ndilo linalojazwa na matapeli: Juni 2024 shirika hilohilo lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama nchi zenye ulinzi huo zilipenyezewa, anayenunua sindano kwa mtu wa Facebook na kutumiwa kwa basi anajua anacheza na nini.

Puto nalo lisichanganywe na upasuaji. Linawekwa kwa mpira kupitia mdomoni, linakaa kwa miezi kadhaa, linatolewa. Halikati wala halichepushi kitu, na likitolewa hesabu ya ubongo inaweza kurudi ilipokuwa. Kwa wengine ni hatua ya kupunguza kilo za kwanza ili upasuaji uwe salama. Anayeuziwa kama tiba ya kudumu hajaambiwa yote.

Binafsi, kama hospitali zetu za umma zina vitanda vichache vya upasuaji huu, ningependa vianze na mgonjwa wa kisukari cha miaka mitatu au minne mwenye unene uliokithiri, kabla ya anayeweza kulipa zaidi. Huyo ndiye mwenye faida kubwa ya kupata, na ndiye ambaye bila msaada tutakuja kumlipia usafishaji wa figo. Lakini asichukuliwe kabla ya kujulikana nani wilayani kwake atampima damu mara moja kila mwaka na nani atampa B12.

Kwa anayefikiria hatua hii sasa: nenda kwanza kituo cha afya chenye kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ujue kisukari chako kimekaa wapi. Omba rufaa ya maandishi. Ukifika kwa daktari wa upasuaji, muulize ni aina ipi, kwa nini hiyo, gharama ya vitamini kwa mwezi, na ziara za kurudi ni ngapi katika mwaka wa kwanza na nani anazilipia. Nenda na ndugu mmoja mwenye kuandika. Na kama unatumia vidonge vya kisukari au sindano ya insulini, muulize vilevile dozi itapunguzwa siku gani baada ya upasuaji, kwa sababu sukari inayoshuka upesi ukiwa bado kwenye dozi ya zamani inaweza kukuzimisha ukiwa nyumbani usiku.